Mwongozo Kamili: Kuingia na Kutoka Salama Katika Gereji Yenye Mlango Mmoja wa Kupanda Juu

Gereji nyingi za nyumbani zilizojengwa kando ya nyumba hazina mlango mwingine zaidi ya ule mpana wa gari, unaopanda kwa vipande kwenye reli na kulala chini ya dari kwa nguvu ya mota. Umeme ukiwapo, mpangilio huu hauna kero. Umeme ukikatika au springi ikivunjika, mlango huohuo hugeuka ukuta, na maswali yanayoulizwa kila mara ni yaleyale mawili: nimevuta kamba nyekundu ya dharura inayouachanisha mlango na mota, mbona mlango hauinuki? Na mimi niko nje, kamba iko ndani, nifanyeje?

Wengi wanaokwama hukwama kwa sababu wanaijaribu kamba hiyo kwa mara ya kwanza siku ya shida yenyewe, gizani, wakiwa peke yao. Kazi zote zilizoelezwa hapa zifanywe mchana, umeme ukiwapo, na mtu wa pili akiwa karibu. Maelezo yanahusu mlango wa vipande. Wenye mlango wa bati unaojikunja, ambao mafundi wengi huuita shata, wana sehemu yao kuelekea mwisho.

## Vifaa vya kuandaa

- Kitasa cha dharura cha kufungulia nje, chenye silinda ya ufunguo na waya mwembamba wa chuma, pamoja na funguo zisizopungua tatu.
- Mpini imara wa kufunga upande wa nje, chini ya mlango, na mwingine upande wa ndani.
- Drili, biti ya kutobolea ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ya kitasa, tupa ndogo na rangi ya kuzuia kutu.
- Ngazi isiyoyumba, glovu, miwani ya kazi na tochi ya kichwani.
- Kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4 hivi.
- Utepe unaong'aa gizani.
- Mafuta ya silikoni ya kupuliza.
- Kijitabu cha maelekezo ya mota. Kama kimepotea, andika namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kasha la mota na ukitafute kwa namba hiyo.

Usinunue springi ukitarajia kuzifunga mwenyewe. Sababu imeelezwa katika hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Itambue mashine kabla ya kuigusa

Simama ndani ya gereji, mlango ukiwa umefungwa, utazame juu. Katikati utaona reli ndefu inayotoka kwenye mota hadi juu ya mlango. Juu ya reli hiyo hutembea kitoroli, ambacho kimeunganishwa na kipande cha juu cha mlango kwa mkono wa chuma. Kamba nyekundu inaning'inia kwenye kitoroli. Ukiivuta, kitoroli huachana na mnyororo au mkanda wa mota, na mlango unabaki huru.

Sasa tafuta springi. Huenda zimevikwa kwenye chuma kirefu juu ya mlango, au zimenyooshwa kando ya reli mbili za pembeni. Springi ndizo zinazobeba uzito wa mlango. Mota huongeza nguvu kidogo tu. Mlango wa chuma wa magari mawili unaweza kuwa na uzito wa kilo 70 na zaidi, na uzito huo wote umehifadhiwa katika springi kama nguvu iliyobanwa.

Onyo. Usilegeze boliti yoyote ya springi, ya ngoma za kebo (magurudumu yanayokunjia kebo za kuinulia mlango), wala ya vyuma vya pembe za chini za mlango ambako kebo zimefungwa. Watengenezaji wengi huzipaka boliti hizo rangi nyekundu kwa sababu zinashikilia nguvu inayoweza kuvunja mkono au kutoa jicho. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye zana zake.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwonyesha mtu mwingine, kwa kidole, springi, kebo, kitoroli na kamba, ukataja kazi ya kila kimoja.

## Hatua ya 2: Pima kama mlango unainulika kwa mkono

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na kuiruka ndiko kunakozaa lile swali la kwanza. Kamba nyekundu haiinui mlango, inauachia tu. Kama springi zimechoka au moja imevunjika, mlango ulioachiwa utakuwa mzito kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuupandisha, hata akiivuta kamba ipasavyo.

1. Funga mlango hadi chini kabisa kwa kutumia mota. Kamba isivutwe mlango ukiwa juu, kwa sababu mlango ambao springi yake imevunjika utashuka wote kwa mkupuo na kumwangukia aliye chini yake.
2. Chomoa plagi ya mota ili mtu mwingine asibonyeze rimoti katikati ya kazi.
3. Vuta kamba. Katika mota nyingi, kuvuta moja kwa moja kwenda chini huachanisha kwa muda tu, na kuvuta chini na nyuma, kuelekea mota, hukifungia kitoroli katika hali ya kuachana. Kijitabu ndicho chenye neno la mwisho kuhusu mota yako.
4. Shika mpini wa ndani kwa mikono miwili, pinda magoti, inua taratibu. Usiingize vidole kwenye maungio ya vipande vya mlango, kwani maungio hayo hujifunga mlango unaponyooka.
5. Simamisha mlango katikati, usawa wa kiuno, kisha punguza nguvu ya mikono kidogo kidogo bila kuiondoa ghafla.

Umefaulu ikiwa mlango umeinuka bila kukulazimu kukaza misuli, na umebaki katikati peke yake au umesogea kidogo tu. Ukiporomoka, springi zimelegea. Ukipaa wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Katika hali zote mbili, simamisha kazi hapa, umwite fundi, kisha uendelee akishamaliza. Springi za kawaida hutengenezwa kudumu takriban mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga, kwa hiyo gereji inayofunguliwa mara nne kwa siku humaliza springi zake kwa muda usiozidi miaka saba hivi.

Ukiwa hapo, puliza silikoni kwenye bawaba na magurudumu ya pembeni. Grisi nzito isitumike ndani ya reli, maana hukusanya vumbi likawa tope linalokwamisha magurudumu.

## Hatua ya 3: Iandae kamba ya ndani

Kamba ifikiwe na mtu mzima mfupi kuliko wote katika nyumba, bila ngazi wala kiti, na isigusane na paa la gari. Urefu wa mita 1.8 kutoka sakafuni ndio unaotumika sana. Zungushia kishikio utepe unaong'aa gizani.

Wako wanaoikata kamba hii au kuibana kwa waya wa plastiki, kwa hofu kwamba mwizi anaweza kupenyeza waya juu ya mlango, akainasa na kuivuta kutoka nje. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu katika gereji isiyo na mlango mwingine kamba ndiyo njia pekee ya aliye ndani. Weka badala yake kinga ya plastiki au bati jembamba mbele ya kitoroli, upande wa mlango, ili waya wa kutoka nje usiweze kufika kwenye kishikio, huku mkono wa aliye ndani ukifika bila kizuizi.

Kisha zima taa zote na umtake kila mtu mzima wa nyumba, na mtoto mwenye nguvu za kutosha, auachie na kuuinua mlango akiwa na tochi tu. Umefaulu ikiwa kila mmoja ametoka bila kuelekezwa.

## Hatua ya 4: Weka kitasa cha kufungulia nje

Hili ni jibu la swali la pili. Kitasa hiki ni silinda ndogo inayokaa kwenye kipande cha juu cha mlango, karibu na katikati. Nyuma yake kuna waya unaokwenda hadi kwenye kijiti cha kitoroli, palepale kamba nyekundu ilipofungwa. Ukizungusha ufunguo na kuivuta silinda nje, waya hufanya kazi ya kamba.

1. Funga mlango na uchomoe plagi ya mota.
2. Chagua sehemu bapa ya kipande cha juu, si kwenye ungio wala kwenye ubavu wa chuma, mahali ambapo waya utanyooka kuelekea kwenye kijiti bila kupita kwenye mnyororo.
3. Toboa kutoka nje, lainisha ukingo kwa tupa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Ukingo mkali uliobaki utaula waya kidogo kidogo, na utakatika siku unayouhitaji.
4. Funga silinda, pitisha waya, uufunge kwenye kijiti ukiacha ulegevu. Mlango unapopanda, umbali kati ya silinda na kitoroli hubadilika, na waya uliokazwa utajiachia wenyewe mlango ukiwa njiani.
5. Rudisha umeme, pandisha na shusha mlango kwa mota mara kadhaa ukiutazama waya. Usikazike wala kunasa popote.
6. Funga mpini wa nje chini ya mlango kwa boliti zinazopita hadi ndani na kukazwa kwa nati, wala si kwa skrubu za bati. Bila mpini, aliye nje ataingiza vidole kwenye ungio ili apate pa kushika.

Jaribio linalohesabika hufanyika hivi: mtu mmoja abaki ndani, wewe toka nje, mlango ufungwe, plagi ichomolewe. Zungusha ufunguo, vuta silinda hadi usikie kitoroli kikiachia, halafu inua kwa mpini. Umefaulu ikiwa mlango umefunguka na yule wa ndani hakukusaidia kwa lolote.

Maonyo mawili. La kwanza ni kwamba kitasa hiki hakifui dafu mbele ya komeo. Kama mlango una komeo la kusukuma kwa ndani, na limefungwa, silinda itaachia kitoroli na mlango bado hautainuka. Katika gereji yenye mlango mmoja, liondoe komeo hilo. La pili ni funguo: ufunguo uliotundikwa ndani ya gereji, au uliomo ndani ya gari lililofungiwa humo, hauna faida yoyote. Mmoja ukae nyumbani, mwingine utembee nawe, wa tatu uwe kwa ndugu au jirani unayemwamini.

Kibodi ya namba iliyobandikwa nje si mbadala wa kitasa. Kibodi humpa mota amri tu, na mota isiyo na umeme haitii amri.

## Hatua ya 5: Jifunze kutoka na kufunga nyuma yako umeme ukiwa haupo

Wengi huishia kwenye kufungua. Lakini ukishatoa gari kwa mkono, inabidi gereji ifungwe, na hapa pana mitego inayohitaji kueleweka mapema.

Mlango unaposhushwa kwa mkono, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ikiwa kitoroli kimefungiwa katika hali ya kuachana, mlango utakuwa chini lakini hakuna kinachouzuia. Yeyote anaweza kuuinua. Ikiwa hakijafungiwa hivyo, katika baadhi ya mota kitoroli kitakutana na kiungo chake na kujifunga chenyewe, na hapo mlango umeshikwa tena na mota isiyo na umeme. Asiye na ufunguo wa hatua ya 4 mfukoni amejifungia nje.

Kwa hiyo fanya jaribio hili mapema, plagi ikiwa imechomolewa, ili ujue mota yako iko upande gani. Kama mlango wako hubaki huru, weka kitasa cha mpini chenye vyuma viwili vinavyoingia kwenye reli za pembeni, kinachofungwa kwa ufunguo kutoka nje na ambacho aliye ndani anaweza kukifungua kwa mkono bila ufunguo. Hasp (bamba la chuma linalokunjwa juu ya pete ili lifungwe) na kufuli ya nje ni rahisi zaidi, lakini siishauri: kufuli ya nje humfungia aliye ndani bila namna ya kujiokoa.

Utaratibu wa kutoka ni huu. Mlango ukiwa chini, vuta kamba na uinue hadi mwisho. Hakikisha mlango umesimama juu bila kurudi kabla gari halijapita chini yake. Ukiona unashuka, mtu wa pili aushike kwa mpini akiwa amesimama pembeni, la sivyo gari lisitoke. Toa gari. Rudi ndani, ita kwa sauti na uangalie nyuma ya makabati kama kuna mtoto au mtu mwingine. Shusha mlango kwa mpini hadi ukae sakafuni, kisha funga.

Umeme ukirudi, fungua kwanza kitasa cha mpini kabla ya kugusa rimoti. Mota ikivuta mlango uliofungwa kwa vyuma, hukunja kipande cha juu au kung'oa mkono wa kitoroli, na gharama yake huwa kubwa kuliko kitasa chenyewe. Bandika karatasi ya kujikumbusha kwenye rimoti mara tu unapofunga.

## Hatua ya 6: Ongeza betri ya akiba

Mota nyingi za kisasa zinazotumia umeme wa volti 24 zina nafasi ya betri, na betri hiyo hutosha kufungua na kufunga mara kadhaa umeme ukiwa umekatika. Katika jimbo la California, Marekani, sheria imezitaka mota mpya za milango ya gereji za makazi kuwa na betri ya akiba tangu Julai 1, 2019, baada ya moto wa nyika wa Oktoba 2017 kukata umeme na baadhi ya wakazi kushindwa kutoa magari yao. Kwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ambako umeme hukatika hata bila maafa, ningeiweka betri kwenye orodha ya manunuzi ya mwanzo.

Betri huchakaa hata ikikaa bure. Chomoa plagi ya mota kila baada ya miezi mitatu na ufungue mlango kwa betri peke yake, ukisuasua, badilisha. UPS ndogo ya kompyuta (kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa umeme unapokatika) kwa kawaida haimudu mkupuo wa umeme unaohitajiwa na mota isiyo ya betri inapoanza.

## Hatua ya 7: Hakikisha mlango hauwezi kumkandamiza mtu

Katika gereji hii watu hupita kwa miguu palepale gari linapopita, kwa hiyo kinga za mlango zina kazi kubwa kuliko kwingine. Kando ya mlango, sentimita 15 au chini ya hapo kutoka sakafuni, kuna sensa (vitambuzi) mbili zinazotazamana. Nchini Marekani kinga ya aina hii imekuwa ya lazima kwa mota mpya za nyumbani tangu 1993.

Shusha mlango kwa mota na upitishe fimbo ya ufagio mbele ya sensa. Mlango urudi juu mara moja. Kisha laza ile mbao sakafuni katikati ya njia, ushushe mlango tena. Ukiigusa, urudi juu wenyewe. Usiruhusu mtu yeyote ajaribu kwa mguu wake. Jaribio lolote likishindwa, mlango utumike kwa mkono tu hadi utengenezwe.

## Hatua ya 8: Hewa

Hatua hii ni fupi lakini kuipuuza ndiko kunakoua. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gereji yenye mlango mmoja haina hewa ya kupita. Usiliwashe gari kabla mlango haujafunguka kabisa. Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani ya gereji hata kama mlango uko juu, na jiko la mkaa lisiingizwe humo kwa sababu yoyote. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu, toka kwanza, mengine baadaye.

## Wenye mlango wa shata

Shata haina kitoroli wala kamba nyekundu ya namna iliyoelezwa. Ile yenye mota ya pembeni kwa kawaida huwa na mnyororo wa mkono. Jua uko wapi, na uhakikishe haukufungwa kwa waya juu asipoufikia mtu. Ile yenye mota ndani ya bomba la kukunjia inaweza kuwa na tundu la kuingiza mpini wa kuzungushia, lakini nyingine hazina kabisa. Muulize fundi kabla ya kulipa, na mpini huo utundikwe ukutani ndani, karibu na mlango, mwingine ukae nyumbani. Mota isiyo na njia ya mkono isifungwe kwenye gereji isiyo na mlango wa pili.

## Kama bajeti inaruhusu: mlango wa pembeni

Yote yaliyotangulia ni namna ya kuishi na upungufu. Mlango wa miguu kwenye ukuta wa pembeni unauondoa, na kama ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu, ningezitumia hapa kabla ya betri na kabla ya mota mpya.

Kwenye ukuta wa matofali, fundi mwashi aweke linta (boriti ya juu ya mlango) kwanza, iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande, ndipo tundu litobolewe chini yake. Upana wa sentimita 90 unatosha kupitisha mtu na baiskeli. Uwekwe mbali na pua ya gari, ili gari likiegeshwa usizibwe, na mbali na kona ya ukuta.

Kama ukuta hauruhusu, tazama dirisha. Madirisha mengi ya gereji zetu yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja, na dirisha la namna hiyo halimtoi mtu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuzigeuza nondo hizo kuwa fremu yenye bawaba, inayofungwa kwa ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo, lililo mbali na kioo ili mkono wa mtu wa nje usilifikie.

Kwa mlango wa pembeni, kitasa kiwe na ufunguo upande wa nje na kizungushio cha mkono upande wa ndani.